Msimwite mvivu mtoto mliyemfukuza darasani



Kila mwaka, matokeo ya Mtihani wa Serikali, ule tuuitao Egzetati, yanapotoka, mitaa yetu hugawanyika pande mbili. Upande mmoja kuna nyimbo, honi za pikipiki na poda nyeupe inayomwagwa vichwani mwa waliofaulu. Upande mwingine kuna milango iliyofungwa. Nyuma ya milango hiyo wamo vijana wenzetu ambao kwa wiki nzima hawatathubutu kupita barabarani mchana. Na siku ile ile, kabla poda haijapanguswa, hukumu huwa imekwisha kutolewa: “Walicheza. Watoto wa siku hizi ni wavivu. Simu imewaharibu.”

Makala hii imeandikwa kuipinga hukumu hiyo. Hatukani kwamba uvivu upo, wala kwamba simu hula usiku wa wengi. Lakini tunashikilia kwamba sehemu kubwa ya kushindwa tunakokuona katika shule zetu za sekondari hutengenezwa na watu wazima, kwa maneno yao, kwa kalenda yao na kwa maamuzi yao. Kisha aliyeshindwa hubebeshwa lawama peke yake. Jina la kinachotengenezwa ni msongo wa mawazo. Nyumbani tunasema tu: “Mtoto ana mawazo mengi.” Wengine husema “stresi”, na kwa kuwa neno hilo limetoka ng’ambo, wanadhani na jambo lenyewe ni la ng’ambo, anasa ya watoto wa Ulaya wasiojua njaa. Tuanze hapo, maana kosa la kwanza liko hapo.

Mwili haujui mipaka ya nchi

Mwaka 1936 mtafiti Hans Selye, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa akifanya kazi Montreal, Kanada, alieleza jambo aliloliona kwa panya wa maabara: mwili ukishambuliwa, iwe kwa baridi, kwa jeraha au kwa sumu, hujibu kwa namna moja. Kwanza hushtuka, kisha hustahimili, na shambulio likiendelea bila kupumzika, huishiwa nguvu. Leo tunaijua njia hiyo vizuri zaidi. Ubongo ukihisi hatari, huamuru tezi ndogo zilizo juu ya figo kumwaga homoni, mojawapo ikiwa kortisoli. Moyo hupiga mbio, sukari huingia katika damu, misuli hukaza. Hayo yote humfaa mtu anayekimbia mbwa. Kwa mtu aliyeketi mbele ya karatasi ya hesabu ni hasara, kwa sababu ile sehemu ya mbele ya ubongo inayoshika namba tatu kwa pamoja na kuzipanga hunyang’anywa nafasi na hofu. Na hofu ikidumu miezi badala ya dakika, huuharibu usingizi na kuidhuru hata ile sehemu inayohifadhi kumbukumbu.

Ndiyo maana mwanafunzi aliyeijua kanuni jana jioni huitafuta leo asubuhi asiione, kisha huikumbuka akiwa njiani kurudi nyumbani. Hakusema uongo aliposema kwamba alisoma. Alisoma kweli, lakini ghala likiwa na moto mlangoni, mwenye mali haingii kuchukua mali yake.

Tutende haki pia kwa upande wa pili. Mkazo kidogo hufaa. Mwaka 1908 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Robert Yerkes na John Dodson, walionyesha kwa majaribio ya panya kwamba kichocheo kikiwa hafifu mno mnyama hachelewi kuzembea, na kikiwa kikali mno napo hushindwa kujifunza, hasa kazi inapokuwa ngumu. Mwalimu aijuaye kazi yake hutafuta kipimo cha katikati: hutoa zoezi lenye tarehe, hudai, husahihisha, hutia moyo. Hilo hatulipingi, tunaliomba. Tunalolipinga ni kamba inayovutwa kutoka kila upande kwa wakati mmoja, na wazee wametufundisha kwamba kamba hukatikia pembamba.

Wiki ya orodha

Tazameni kalenda ya mwaka wa shule. Sekondari yetu ina mihula miwili. Kila muhula una periodi mbili za alama, kisha mtihani. Sasa jiulizeni: ni lini mkurugenzi wa nidhamu hupita darasani akiwa na orodha ya wasiolipa minervali? Si katika wiki ambayo kazi ni chache. Orodha husomwa mtihani unapokaribia, kwa sababu hapo ndipo mzazi hushikwa koo vizuri zaidi. Majina husomwa kwa sauti. Mmoja mmoja hukusanya madaftari na kutoka, wengine wakimtazama. Yule aliyebaki ndani leo anajua kwamba kesho huenda akawa yeye.

Tufanye hesabu pamoja. Tuseme darasa lina masomo 6 kwa siku. Mwanafunzi aliyefukuzwa siku 5 amepoteza masomo 30, na hayo ni masomo ya marudio, yale ambamo mwalimu husema: “Hili shikeni vizuri.” Anaporudi, pesa ikiwa imepatikana kwa deni, anakuta wenzake wamekwisha kufika mbali. Anaketi mtihanini akiwa na mapengo 30 kichwani, aibu moyoni, na hofu kwamba mama ameuza nini ili yeye aketi pale. Akipata asilimia 43, shule iliyomtoa nje humwandikia katika buletini kwamba hana bidii. Je, kuna hakimu gani amfungaye mtu miguu kisha kumhukumu kwa kutokukimbia?

Tena ukosefu wa pesa wenyewe, hata kabla ya kufukuzwa, hula akili. Mwaka 2013 watafiti, miongoni mwao Sendhil Mullainathan na Eldar Shafir, walichapisha katika jarida la Science uchunguzi juu ya wakulima wa miwa nchini India. Waliwapima watu wale wale mara mbili: kabla ya mavuno, mfuko ukiwa mtupu, na baada ya mavuno, pesa ikiwa imeingia. Kabla ya mavuno walishindwa zaidi katika mazoezi ya kufikiri. Hawakuwa wajinga mwezi mmoja na werevu mwezi mwingine. Mahangaiko ya pesa yalikuwa yamekalia sehemu ya akili yao kama mgeni aliyekalia kiti cha mwenye nyumba. Ikiwa ndivyo ilivyo kwa mtu mzima mwenye shamba, ndivyo ilivyo zaidi kwa kijana wa miaka 16 ambaye hana hata njia ya kuitafuta pesa anayodaiwa.

Hili linatuhusu sisi

Kuna wanaosema: “Hayo ni mambo ya Serikali.” Ni kweli kwamba Serikali ina sehemu yake, na sehemu hiyo ni kubwa. Mishahara ya walimu ilipoporomoka katika miaka ya 1990, wazazi walianza kubeba mzigo wa primu, na mzigo uliokusudiwa kuwa wa muda ukawa desturi. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, inasema kwamba shule ya primeri ni ya lazima na ya bure katika shule za umma. Utekelezaji wake kwa nchi nzima ulianza Septemba 2019. Tunaushukuru. Lakini mtoto aliyefunguliwa mlango wa primeri hukutana na mlango wa humanite ukiwa na kufuli, na ufunguo ni minervali.

Lakini si mambo ya Serikali peke yake. Mkataba wa 26 Februari 1977 uliyakabidhi makanisa, Kanisa Katoliki likiwemo, usimamizi wa sehemu kubwa ya shule za taifa. Nyingi kati ya shule hizo zina msalaba juu ya mlango na jina la mtakatifu langoni. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya malezi, Gravissimum Educationis, la 28 Oktoba 1965, uliwasihi wachungaji na waamini wasiache sadaka yoyote katika kuzisaidia shule za Kikatoliki, hasa katika kuwahudumia walio maskini wa mali na waliokosa msaada wa familia. Tunauliza kwa heshima, lakini tunauliza: orodha isomwayo chini ya msalaba ule, wiki moja kabla ya mtihani, inapatana vipi na maneno hayo?

Tunajua jibu la wasimamizi, na si jibu la kupuuzwa. Mwalimu naye ana tumbo, ana kodi ya nyumba, ana watoto wanaodaiwa minervali katika shule nyingine. Mwalimu asiyelipwa hawezi kufundisha kwa moyo. Naye ana msongo wake, ambao humshukia mwanafunzi kwa ukali na kwa kukosa subira. Yote hayo ni kweli. Lakini angalieni ni nani mwenye deni. Mwenye deni ni mzazi. Mtoto hakutia sahihi mahali popote. Kumwita mzazi, kupanga naye malipo ya awamu, kumwandikia ahadi mbele ya kamati ya wazazi, kusubiri msimu wa mavuno kwa mkulima na mwisho wa mwezi kwa mwenye mshahara: hizo zote ni njia za kudai, na ziko shule zinazozifuata. Kumtoa mtoto nje ndiyo njia nyepesi kuliko zote, na ndiyo sababu inapendwa. Wepesi wake hulipwa na mtu asiyekuwa na deni.

Mzigo wa nyumbani

Tusimalize kesi shuleni tu. Ziko familia zilizouza mbuzi, zikauza kipande cha shamba, ili mtoto mmoja afike mwaka wa sita wa sekondari. Ni upendo mkubwa. Lakini upendo huo mara nyingi huhesabiwa mbele ya mtoto kila anapokula: “Unajua tumeuza nini kwa ajili yako. Ukianguka, umetuua.” Mzazi hudhani anatia nguvu. Kumbe anamweka mtoto mtihanini na watu kumi na wawili mgongoni. Swali la fizikia huwa gumu zaidi kila jibu likiwa na uzito wa shamba.

Na msichana ana mzigo wa pili. Huamka kabla ya mapambazuko kwenda bombani na bidoni, hufagia, huwaogesha wadogo, hukimbia shuleni. Akirudi, kuna meza ya kuuzia mandazi, kuna moto wa kuwasha, kuna bugali na sombe, kuna vyombo. Daftari hufunguliwa saa tatu usiku, umeme ukiwa umekatika, kwa mwanga wa simu ya kuazima. Madaktari wa usingizi wa Marekani walishauri mwaka 2016 kwamba kijana wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10 kila usiku. Hawakusema hivyo kwa ajili ya raha. Usingizi ndio wakati ambapo ubongo huyapanga mambo ya mchana na kuyatia katika kumbukumbu. Msichana anayelala saa tano amefanya kazi zote za kusoma isipokuwa ile ya mwisho, na ile ya mwisho hunyimwa na nyumba yake mwenyewe. Kisha kaka yake, aliyeketi saa hizo zote juu ya kitabu, hupata asilimia kumi zaidi, na ukoo husema kwamba wavulana wana kichwa cha hesabu.

Hapo ndipo husimama mzee mmoja na kusema: “Sisi tulisoma kwa koroboi, tulitembea kilomita kumi, tulipigwa fimbo, na tulifaulu.” Tunawaheshimu wazee wetu, na kwa heshima hiyo tunawaomba wahesabu vizuri. Wanaosema hivyo ni wale waliofaulu. Walioanguka kwa sababu ya koroboi, njaa na fimbo hawaitwi kuhutubia siku ya kufunga mwaka. Wako shambani, wako machimboni, wengine wako makaburini, na hakuna anayewapa kipaza sauti. Watu kumi wakivuka mto wenye mamba na watatu wakafika ng’ambo, ushuhuda wa hao watatu hauthibitishi kwamba mamba ni walimu wazuri.

Vita havibaki nje ya darasa

Kwetu mashariki mwa nchi kuna msongo ambao hakuna prefe anayeweza kuufuta kwa amri. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ulitapika moto, na siku chache baadaye watu wengi wa Goma waliamriwa kuhama. Wanafunzi walilala Sake, Minova na ng’ambo ya mpaka, mitihani ya mwisho wa mwaka ikiwa mbele yao. Januari 2025 vita viliingia Goma, na Februari vikafika Bukavu. Wako kati yenu waliosoma periodi ya tatu wakihesabu milio. Wako walioketi katika madarasa ambayo usiku yalikuwa malazi ya wakimbizi.

Je, hayo hudhuru alama? Mwanasosholojia Patrick Sharkey alichapisha mwaka 2010 uchunguzi wake juu ya watoto weusi wa Chicago. Watoto waliopimwa siku chache baada ya mtu kuuawa katika mtaa wao walipata alama za chini kuliko watoto wa mtaa ule ule waliopimwa wakati mwingine, hata bila kujulikana kama mtoto alishuhudia mauaji yale. Kama kifo kimoja mtaani hufanya hivyo, mnaweza kufikiri wenyewe juu ya miji yetu. Basi mtu asituambie kwamba mtoto wa Masisi na mtoto wa mji tulivu wanaandika mtihani mmoja kwa sababu karatasi ni moja. Hatuombi alama za huruma. Tunaomba kwamba anayesoma matokeo ya mikoa yetu asiandike pembeni yake neno “uvivu”.

Mapepo na mikesha

Tuseme sasa jambo lililo karibu nasi zaidi, ingawa litawauma wengine. Mtoto anaposhindwa mara mbili, ziko nyumba zinazotafuta mchawi. Shangazi hutajwa. Bibi hutajwa. Mara nyingine mtoto mwenyewe huambiwa kwamba ana roho ya kushindwa, hufungishwa siku tatu bila chakula, huombewa kwa kelele hadi usiku wa manane. Mtoto aliyekuwa na hofu moja sasa ana mbili: anaogopa mtihani na anajiogopa mwenyewe. Huko si kumponya. Ni kumwongezea ugonjwa ule ule uliomwangusha, na kumpatia bibi asiye na kosa jina litakalomfuata hadi kaburini. Kijana wa parokia anayesikia neno hilo likitamkwa nyumbani kwao na kunyamaza, ameshiriki.

Na mikesha ya maombi kwa ajili ya wanamitihani? Kuomba ni kwema, na anayeomba kwa imani hupata utulivu, ambao ni dawa. Lakini kumkesha mwanafunzi hadi saa kumi alfajiri usiku wa kuamkia mtihani ni kumwomba Mungu ajenge kwa mkono mmoja huku sisi tukibomoa kwa mikono miwili. Mkumbukeni Elia alipokata tamaa jangwani na kulala chini ya mti akitaka kufa. Malaika hakumwamsha kwa mahubiri. Alimwachia mkate na maji, akamwacha alale tena, akarudi mara ya pili kumlisha, na ndipo safari ikaendelea. Kama malaika alijua kwamba nabii aliyechoka anahitaji kwanza chakula na usingizi, viongozi wetu wa vikundi nao wanaweza kulijua.

Na sisi vijana je?

Makala inayowalaumu wakubwa peke yao ingekuwa ya kujipendekeza kwenu. Nasi tunachangia. Anayesoma usiku mmoja tu mambo ya miezi mitano amejitengenezea hofu yake kwa mikono yake. Anayengoja karatasi iibwe, anayechanga pesa ya kununua majibu, huongeza msongo juu ya msongo, kwa sababu mwizi hatulii. Anayemcheka mwenzake aliyetolewa kwa orodha amekuwa msaidizi wa orodha. Na vikundi vyetu, iwe Xaveri, Kiro, skauti au kwaya, hupenda kuweka mazoezi na matembezi katika wiki zile zile za Mei na Juni, kisha kumwita asiyekuja mtu asiye na roho ya umoja. Hatuwezi kudai kalenda ya shule ibadilishwe huku kalenda yetu ikiwa adui wa pili.

Pia tuache aibu ya kusema. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana 1 kati ya 7 wa umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili. Katika kikundi cha vijana 35, hao ni kama 5. Pengine unajua ni akina nani: yule aliyeacha kula, yule asiyelala, yule aliyekuwa mchekeshaji na sasa hanyanyui kichwa, yule aliyesema kwa utani kwamba akianguka hatarudi nyumbani. Utani huo msiuache upite. Mficha maradhi kifo humuumbua, na maradhi haya huwaumbua vijana mapema. Kaa naye, msikilize, usimwache peke yake, na siku ile ile mpeleke kwa mtu mzima mnayemwamini au kwa muuguzi wa kituo cha afya.

Tunachodai

Malalamiko yasiyo na ombi ni kelele. Basi tunaomba mambo yanayowezekana kwa pesa kidogo au bila pesa.

Kwa wasimamizi wa shule za parokia: tangu wiki tatu kabla ya kila mtihani hadi siku ya mwisho, asitolewe mwanafunzi yeyote darasani kwa ajili ya deni, wala jina lake lisisomwe mbele ya wenzake. Deni lidaiwe kwa mzazi, kwa barua na kwa mkutano, mwaka mzima, kuanzia Septemba.

Kwa baraza la parokia: ukumbi ufunguliwe jioni kwa wanafunzi, ukiwa na taa za jua na mtu mzima mmoja wa zamu, kuanzia saa kumi na moja hadi saa mbili. Ukumbi unaowaka kwa ajili ya sherehe za arusi unaweza kuwaka kwa ajili ya aljebra. Na kapu moja la mwaka litengwe kwa madeni ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho.

Kwa wazazi: kazi za nyumbani zigawanywe kwa wavulana na wasichana sawasawa, na miezi miwili ya mwisho mwanamtihani apunguziwe. Mhesabieni mtoto upendo, msimhesabie mbuzi.

Kwa walimu: mnaweza kujaribu jambo dogo. Mwaka 2011 Gerardo Ramirez na Sian Beilock wa Chicago walichapisha katika Science majaribio ambamo wanafunzi, muda mfupi kabla ya mtihani, waliandika kwa dakika 10 yote wanayoyahofia. Wale waliokuwa na hofu nyingi walifanya vizuri kuliko wenzao ambao hawakuandika. Karatasi moja na dakika 10: hata shule iliyo maskini kuliko zote inazo.

Kwa vikundi vya vijana: Mei na Juni ziwe miezi ya kusomeana. Aliyefaulu hesabu amfundishe asiyefaulu. Na siku ya matokeo, kabla ya kwenda kwa waliomwagiwa poda, wawili wawili waende kugonga ile milango iliyofungwa.

Mtasikia kwamba mambo haya ni kuwadekeza watoto. Jibuni kwa upole kwamba mkulima anayeng’oa magugu hamdekezi muhindi wake, anataka mavuno. Sisi nasi tunataka mavuno. Tunataka wahandisi, wauguzi, walimu na mapadri watakaotoka katika nyumba zisizo na pesa. Lakini hatutawapata kwa kuwafukuza Mei na kuwalaani Julai. Mwaka huu orodha itakaposomwa, mtu mmoja kati yenu na asimame, awatazame waliotolewa, kisha aende kwa prefe, kwa adabu na bila woga, aulize deni ni la nani.